Maji ya bakteria wa maziwa kwa mazao, kuku na tumbo: kinachofanya kazi ni bakteria au ni asidi yao?

#1 Jembe la Pili
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikitengeneza maji ya bakteria wa maziwa kwa ile njia ya kilimo asilia cha Korea. Maji ya kuoshea mchele yanaachwa kwenye chombo kilichofunikwa kitambaa mpaka yaanze kunukia uchachu, kisha unayamimina kwenye maziwa, sehemu 1 ya maji kwa 10 za maziwa. Siku chache baadaye maziwa yanajigawa: juu linaelea donge jeupe zito, chini yanabaki maji ya manjano hafifu unayoweza kuona kidole kupitia humo. Hayo ndiyo yanayotakiwa. Unayachuja, unayachanganya na sukari ya kahawia au molasi yasiharibike, na wakati wa kutumia unayazimua.

Nayanyunyizia matango yenye ubwiri unga (ule ugonjwa wa kuvu unaofanya majani yawe kama yamemwagiwa unga), nawawekea kuku kwenye maji ya kunywa, na nayanyunyiza kwenye majani ninayosindika saileji, yaani malisho mabichi yanayofungiwa bila hewa yachachuke yasioze. Kote naona nafuu. Dai langu ni kwamba hawa bakteria wanawahi nafasi na kuwafukuza wabaya, ndiyo maana wanafaa kwa mambo mengi hivi. Jirani yangu mfamasia anabisha. Anasema ninachonyunyiza ni asidi tu, ningetumia siki ningepata matokeo yale yale. Nani yuko sahihi?

#2 Kiwele
Kwenye saileji jirani yako yuko karibu sana na ukweli. Kinachohifadhi majani pale ni asidi. Ukishindilia na kufunika vizuri, hewa iliyobaki inamalizwa na majani yenyewe yanayoendelea kupumua, ndipo bakteria wa laktiki, hao hao wa maziwa, wanaanza kula sukari na kutoa asidi. pH, kile kipimo cha uchachu ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali, inashuka kutoka karibu 6 hadi 4 au chini kidogo, na hapo kila kitu kinasimama, hata wao wenyewe.

Mkemia wa Ufini, Artturi Virtanen, aliiruka hatua ya bakteria. Alimimina asidi kwenye majani mabichi moja kwa moja, pH ikashuka chini ya 4, majani yakakaa majira yote ya baridi bila kuoza. Alipata Nobeli ya kemia 1945, na njia hiyo ya kuhifadhi malisho imetajwa katika tuzo yenyewe. Hakuhitaji chupa ya bakteria.

#3 Chipukizi
Napiga kambi hapa. Endeleeni, wakubwa.

#4 Maabara
Kiwele, mfano wa Virtanen ni mzuri ila unajibu nusu ya swali, maana asidi zenyewe si moja.

Kuna bakteria wa laktiki wanaogeuza sukari karibu yote kuwa asidi ya laktiki: molekuli 1 ya glukosi inatoa 2 za laktiki. Hawa wanashusha pH haraka. Na kuna wengine wanaotoa pia asidi ya asetiki, ndiyo ile ya kwenye siki, pamoja na kaboni dayoksaidi. Tofauti yao unaiona siku unapofungua shimo la saileji. Hewa ikiingia, hamira inaamka, inakula asidi ya laktiki, pH inapanda, saileji inapata joto mpaka unaona mvuke asubuhi, na ukungu unafuata. Hamira haistahimili asetiki kama inavyostahimili laktiki. Ndiyo sababu chupa nyingi za bakteria wa saileji siku hizi zina bakteria anayeitwa Lentilactobacillus buchneri, ambaye kwa polepole anaigeuza sehemu ya laktiki kuwa asetiki. Kwenye maandiko ya kabla ya 2020 mtamkuta kama Lactobacillus buchneri. Mwaka huo jenasi ile iligawanywa kuwa 25.

Halafu kuna kitu siki haina kabisa. Baadhi yao hutengeneza protini ndogo za kuua bakteria wenzao. Nisini inatolewa na Lactococcus lactis, ilianza kuonekana 1928, na leo ni kihifadhi cha vyakula chenye namba E234.

#5 mama Vifaranga
Jembe la Pili kaandika: "wanawahi nafasi na kuwafukuza wabaya". Mimi niko naye. Mwaka 1973 watafiti wa Ufini, Nurmi na Rantala, waliwapa vifaranga wachanga vitu vya ndani ya utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, kisha wakawaambukiza salmonela. Waliopewa walikingwa, wasiopewa wakaambukizwa kwa wingi. Kifaranga wa mashine hakuwahi kulala chini ya mama yake, utumbo wake ni kiwanja kitupu. Anayefika kwanza anajenga.

Mimi nawapa siku ile ile wanapofika. Kinyesi kinakuwa kikavu na matandazo hayatoi ile amonia inayochoma macho. Ila jamani, msiweke maji yenye molasi kwenye bomba za nipeli, zile chuchu wanazodonoa kuku kupata maji! Ndani kunaota utando wa utelezi, nipeli zinaziba moja moja, na usipopita ukaigusa kila moja kwa kidole hutajua kuku wa kona gani wana kiu. Tumieni vinyweo vya kawaida na mvisugue kila siku.

#6 Mganga wa Zizi
Mama Vifaranga, heshima yako. Jaribio la Nurmi umelieleza sawa, ila halimbebi Jembe la Pili. Ule ulikuwa mchanganyiko wa utumbo mzima, aina nyingi mno za bakteria, wengi wao hawawezi kabisa kuishi penye hewa. Watu walipojaribu kuwapa vifaranga laktobasili peke yao, kinga ilikuwa hafifu kuliko ya mchanganyiko.

Nyingine: maji ya bomba yana klorini, nayo inaua bakteria wako kabla hawajafika gole, ule mfuko wa chakula shingoni mwa kuku. Wanaochanja kwa maji ya kunywa huweka kwanza unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ili klorini imalizwe na unga.

#7 mama Vifaranga
Daktari, nimekusikia kuhusu Nurmi. Lakini matandazo makavu nimeyashika kwa mkono wangu, na banda ni lile lile, chakula ni kile kile. Nipe maelezo yako basi.

#8 Mganga wa Zizi
Pengine ni asidi. Maji ya kunywa yenye pH karibu na 4 yanawabana salmonela kwenye gole, ndiyo maana kuna wafugaji wanaotia asidi peke yake kwenye maji na wanaona mabadiliko. Na pengine ni kule kusugua vinyweo kila siku, maana kinyweo kisichovuja na kisicho na uchafu kinakausha matandazo kuliko dawa yoyote.

#9 Kiwele
Asante daktari. Asidi, asidi, asidi. Mnazunguka mnarudi kwangu.

#10 Maabara
Kiwele, usishangilie mapema. Pigeni hesabu. Tuseme yale maji ya Jembe la Pili yana asidi ya laktiki asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita. Maelekezo ya Kikorea ni kuzimua 1 kwa 1,000. Unabakiwa na gramu 1 kwenye lita 100 za maji. Maji mengi ya kisima na ya bomba yana bikaboneti, chumvi inayopoza asidi, ya kutosha kuimeza asidi yote hiyo, na pH inasogea kidogo tu. Kwa kipimo kile, kuku wa mama Vifaranga hawanywi asidi.

Bakteria hawamezwi na bikaboneti. Maji yaliyochacha vizuri yanaweza kuwa na bakteria milioni 100 kwa mililita, na ukizimua mara 1,000 bado wanabaki laki moja kwa kila mililita. Kwa kipimo hicho, maelezo ya asidi ndiyo yanayoanguka kwanza.

#11 Jembe la Pili
Maabara, ubarikiwe. Naenda kumwonyesha jirani hesabu hiyo.

#12 Bonde
Jembe la Pili, kabla hujaenda, kwenye matango unazimua kiasi gani?

#13 Jembe la Pili
Kwa ubwiri unga nazimua 1 kwa 10. Ile 1 kwa 1,000 ni ya kuku na ya udongo.

#14 Bonde
Nilijua. Basi kwenye matango huenda si bakteria wala asidi, ni maziwa. Mtafiti wa Brazili, Wagner Bettiol, mwaka 1999 alichapisha matokeo ya kunyunyizia zukini maziwa ya ng'ombe mabichi, hayajachacha. Viwango vya juu vilizuia ubwiri unga sawa na dawa za kuvu alizolinganisha nazo, au zaidi. Huko Australia wamefanya hivyo kwenye mizabibu, kwa maziwa na kwa yale maji yanayobaki jibini likiganda. Maelezo yanayotolewa ni kwamba protini za maziwa zikipigwa na jua juu ya jani hutoa chembe kali za oksijeni zinazoharibu nyuzi za kuvu, ambazo kwa ugonjwa huu zimetanda nje ya jani.

Mimi nanyunyiza asubuhi jua likitoka, na nageuza bomba ili upande wa chini wa jani nao upate. Utaona yale mabaka ya unga yanasinyaa, yanageuka kijivu, yanabaki kama vumbi la kahawia. Majani mapya yanatoka safi. Ila usizidishe maziwa, ukungu mwingine mweusi unaota juu ya mabaki na shamba linanuka.

#15 Tumbo Joto
Mmesahau wanadamu humu. Mimi nikimaliza dozi ya antibayotiki nakunywa mtindi na tumbo linatulia. Yule mwanasayansi aliyegundua siri ya mtindi na maisha marefu, Metchnikoff, alipewa Nobeli kwa ajili hiyo. Kuna ubishi gani tena?

#16 Maabara
Tumbo Joto, Nobeli ya Metchnikoff ni ya 1908, aligawana na Paul Ehrlich, na ni ya kinga ya mwili: aliona chembe zinazomeza vijidudu. Mambo ya mtindi na uzee yalikuwa hoja yake nyingine, haikumpa tuzo. Na bakteria aliyemtegemea, yule wa Bulgaria aliyeelezwa na Stamen Grigorov 1905, ilikuja kuonekana kuwa hafanyi makazi kwenye utumbo wa binadamu. Anapita tu.

#17 Tumbo Joto
Apite, lakini akipita kuna kazi anafanya. Tumbo ni langu, ninalijua.

#18 Nesi wa Zamu
Tumbo Joto ana hoja kuliko mnavyodhani. Bakteria anayepita tu anaweza kufanya kazi njiani. Mtu ambaye tumbo lake halimeng'enyi laktosi, yaani sukari ya maziwa, akinywa mtindi wenye bakteria hai, wao wanaleta kimeng'enya chao na kuivunja laktosi humo humo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ambayo imekataa madai mengi ya probiotiki (bakteria hai wanaouzwa kwa ajili ya afya), hili ililikubali 2010, kwa sharti kwamba kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100.

Nje ya hapo naomba twende taratibu, kwa sababu watu wanawapa watoto wagonjwa vitu walivyosoma mtandaoni. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Marekani kwa watoto 971 wa miezi 3 hadi miaka 4 waliofika hospitali wakihara. Nusu walipewa Lactobacillus rhamnosus GG, mmoja wa wanaosifiwa kuliko wote, na nusu dawa isiyo na kitu. Kuhara kulidumu saa 49.7 upande mmoja na 50.9 upande wa pili. Tofauti hiyo haina maana yoyote kwa mama aliyekesha. Mtoto anayehara anahitaji chumvi chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Hayo ndiyo ya kuharakisha.

#19 Chipukizi
Kwa hiyo kwa watoto hawafanyi kitu?

#20 Nesi wa Zamu
Sikusema hivyo. India, 2017, watoto wachanga 4,556 vijijini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kwa siku 7 Lactobacillus plantarum pamoja na sukari maalumu inayowalisha bakteria hao. Maambukizi ya damu na vifo vikijumlishwa vilikuwa asilimia 9 kwa wasiopewa na 5.4 kwa waliopewa. Nimefanya kazi wodi ya wachanga, najua maana ya pengo hilo.

Bakteria tofauti, umri tofauti, ugonjwa tofauti, jibu tofauti.

#21 mama Vifaranga
Kumbe hata kwa wanadamu ni kuwahi kiwanja kitupu! Mtoto mchanga na kifaranga mambo ni yale yale.

#22 Nesi wa Zamu
Mama, inawezekana. Au bakteria hao waliizoesha kinga ya mtoto mapema, au waliubana utumbo usivujishe vijidudu kuingia kwenye damu. Matokeo yameonekana, njia yake bado inabishaniwa. Na tafadhali mtu asikimbilie kwa mtoto njiti: wale wa India walikuwa wamezaliwa na uzito wa kuanzia gramu 2,000. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa njiti probiotiki, baada ya bakteria wa bidhaa kukutwa kwenye damu ya mtoto aliyefariki.

#23 Mganga wa Zizi
Nesi asante kwa onyo hilo, nami niongeze la zizini, maana uzi unawafanya hawa wadudu waonekane malaika. Ng'ombe akivunja stoo akala nafaka nyingi, anayekuja kumuua ni asidi ya laktiki. Streptococcus bovis anazaliana kwa kasi kwenye tumbo kubwa, pH inashuka chini ya 5, ng'ombe analala, anasaga meno, anahara maji yenye harufu ya uchachu. Wale wanaoila laktiki, kama Megasphaera elsdenii, wanazidiwa mbio. Bakteria wa laktiki huyo huyo, mahali pengine.

#24 Kiwele
Nimewahi kumpoteza ng'ombe wa maziwa kwa hali hiyo. Mlango wa stoo ulisahauliwa wazi usiku mmoja tu. Ile harufu ya uchachu ukiinama karibu naye huisahau. Kwa hiyo daktari, na hapo pia muuaji ni asidi, siyo?

#25 Mganga wa Zizi
Pole sana ndugu yangu. Ndiyo, ni asidi, na maji ya mwili yanayovutwa kuingia tumboni kwa sababu yake.

#26 Shamba Darasa
Nimechelewa kuingia. Kuna upande hakuna aliyeugusa: udongo. Profesa Teruo Higa wa Okinawa alieneza tangu miaka ya 1980 mchanganyiko wa bakteria wa laktiki, hamira na bakteria wanaotumia mwanga, kwa madai ya kurutubisha ardhi. Waswisi waliujaribu shambani kwa miaka 4, kuanzia 2003, na walifanya jambo la busara sana: waliweka pia vipande walivyonyunyizia mchanganyiko ule ule ukiwa umeuawa kwa joto. Mazao na udongo havikuonyesha tofauti kati ya walio hai na waliokufa. Nafuu iliyoonekana ilitoka kwenye malighafi iliyowabeba.

Kwa hiyo kuna jibu la tatu: si bakteria, si asidi, ni chakula. Molasi na maziwa yanawalisha wenyeji wa udongo, nao wanafanya kazi, lakini sifa inakwenda kwa mgeni.

#27 Jembe la Pili
Huko Uswisi udongo wao ni mzuri na hali ya hewa ni baridi. Sehemu yenye udongo uliochoka matokeo yanaweza kuwa mengine.

#28 Shamba Darasa
Inawezekana, mkuu, na waliofanya utafiti walitaja wenyewe kuwa ni wa ukanda wa hali ya wastani. Basi ufanye kwako. Chukua nusu ya maji yako uyachemshe, yapoe. Mstari mmoja wa matango upate maji hai, mstari wa pili yaliyochemshwa, wa tatu maji ya molasi matupu, wa nne maji ya kawaida. Kiasi sawa, siku sawa. Mistari isiwe yote upande mmoja wa shamba, irudie rudie ili kivuli na mteremko visikudanganye.

#29 Bonde
Na wa tano maziwa mabichi 1 kwa 10. Bila huo mstari, hoja yangu haijajaribiwa.

#30 Maabara
Shamba Darasa, napenda jaribio lako, lakini kuchemsha kutaua bakteria tu. Asidi ya laktiki haipai na mvuke, inabaki yote. Ile ya asetiki itapungua kidogo. Na zile protini za kuua, kama nisini, penye uchachu zinastahimili kuchemshwa bila shida. Kwa hiyo mstari wa pili ukifanya vizuri sawa na wa kwanza, Kiwele atasema ni asidi, mimi nitasema ni nisini au ndugu zake, wewe utasema ni chakula, na Bonde atasema ni protini za maziwa.

#31 Kiwele
Na mimi nitakuwa sahihi.

#32 Shamba Darasa
Ongezeni mstari wa maji yaliyochemshwa kisha yakatiwa magadi kidogo kidogo mpaka karatasi ya pH isome 7. Hapo asidi imetolewa. Jembe la Pili una shamba la kutosha?

#33 Jembe la Pili
Lipo. Nitawapanga nyote kwenye mistari.

#34 Chipukizi
Samahani, swali la mwanafunzi. Maziwa ya kutengenezea hayo maji yawe mabichi au yaliyochemshwa? Nimesoma uchachu unaua kila kitu.

#35 Nesi wa Zamu
Chemsha, yapoe, ndipo utie maji ya mchele. Bakteria unaowataka wanatoka kwenye mchele na hewani, huwahitaji wa kwenye maziwa mabichi. Brusela, bakteria wa ugonjwa wa ng'ombe unaoambukiza watu, anaweza kukaa siku kadhaa kwenye maziwa yaliyoganda. Uchachu unazuia vingi, sumu ya botulizimu haitengenezwi pH ikiwa chini ya 4.6, lakini "kila kitu" si kweli. Na maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya shamba yabaki ya shamba, usiyanywe.

#36 Tumbo Joto
Hilo la mwisho limenilenga mimi.

#37 Nesi wa Zamu
Ndiyo.

#38 mama Vifaranga
Mimi nagawa vifaranga wa kundi lijalo vyumba vinne kwa mpango wa Shamba Darasa, vinyweo vyote visuguliwe sawa ili daktari asipate pa kutokea. Matandazo nitayapima vipi? Kwa kunusa?

#39 Mganga wa Zizi
Pua inazoea, mama, usiitegemee. Chota matandazo mahali pale pale kila chumba, mbali na kinyweo, uyapime uzito, uyakaushe vizuri, uyapime tena. Kilichopungua ndiyo maji. Na kuku wenyewe uwapime kila wiki kwa kundi la kutosha, uandike na chakula walichokula.